Mwenye Njaa Hana Miiko: Naitrojeni, Kuvu na Sahani ya Mtoto wa Ushetu

Mkulima yeyote wa Ushetu anaifahamu rangi ya njaa ya mahindi. Mvua zikishakolea na mmea ukafika kiunoni, majani ya chini huanza kugeuka manjano kutoka nchani, na umanjano huo huteremka ukifuata mshipa wa katikati hata ukafanya umbo la herufi V. Mwenye shamba hutazama, hukisia idadi ya magunia atakayoyakosa, kisha huendelea na palizi. Kwake hiyo ni habari ya mavuno.

Katika zahanati isiyo mbali na shamba hilo, muuguzi humlaza mtoto wa miezi kumi na minane juu ya ubao wa kupimia, husoma urefu wake, hulinganisha na umri ulioandikwa kwenye kadi ya kliniki, na huona kwamba mtoto ni mfupi kuliko inavyostahili. Kwake hiyo ni habari ya lishe. Mkulima na muuguzi hukutana mnadani, kanisani, msikitini na msibani, lakini habari zao hazikutani. Kila mmoja huiandika katika daftari lake.

Wakati umefika daftari hizo zisomwe pamoja. Kati ya jani la manjano na mtoto mfupi yupo kiumbe mdogo asiyeonekana kwa macho, naye ni kuvu wa mahindi, ambaye tabia yake hubadilika anapokosa naitrojeni. Wahenga walisema mwenye njaa hana miiko. Walimsema binadamu, lakini kauli yao inatosha kabisa kueleza yale ambayo sayansi imeyaona kwa viumbe wadogo kuliko wote.

Kiumbe mdogo anapokosa naitrojeni

Naitrojeni ni tofali la protini. Bila yake hakuna msuli, hakuna kimeng'enya, hakuna kingamwili, wala hakuna vinasaba ndani ya seli. Hewa imejaa naitrojeni, takriban asilimia 78 ya hewa yote, lakini viumbe wengi hawawezi kuitumia ikiwa katika hali ya gesi. Kwao ni ghala lililojaa nafaka na kufungwa kufuli. Hutegemea kiasi kidogo kilichoyeyuka katika maji au udongo, na kiasi hicho kikiisha, hulazimika kubadili maisha.

Mfano wa kwanza ni vimwani, yaani mwani wadogo sana wa aina ile inayoyapa maji ya lambo rangi ya kijani. Wataalamu wamemchunguza kwa kina kimwani aitwaye Chlamydomonas. Akinyimwa naitrojeni huku mwanga wa jua ukiendelea, hafi papo hapo. Kwanza huacha kugawanyika. Kisha hubomoa sehemu ya mitambo yake ya umbijani ili kuokoa naitrojeni iliyomo, na rangi yake ya kijani hufifia kuelekea manjano, kama lifanyavyo jani la mahindi. Kwa kuwa jua bado linampa nguvu, na hana tofali za kujengea protini, kaboni yote anayoivuna huielekeza kwenye wanga na mafuta. Seli hujaa matone ya mafuta ikanenepa. Jamaa yake wa maji ya chumvi, Dunaliella salina, akibanwa na njaa hiyo hiyo hugeuka rangi ya chungwa kwa wingi wa beta-karotini, dutu ambayo mwili wa binadamu huigeuza kuwa vitamini A. Viwanda hutumia njaa hiyo kwa makusudi ili kuvuna dutu hiyo.

Hapo mhudumu wa afya ana jambo la kutafakari. Seli iliyonenepa kwa mafuta ni seli yenye njaa. Mwaka 1933 daktari Cicely Williams, akifanya kazi Gold Coast, ambayo leo ni Ghana, alieleza ugonjwa wa watoto walioachishwa ziwa na kulishwa uji wa mahindi. Miili yao ilivimba, ngozi zao zilibabuka, na maini yao yalijaa mafuta. Huo ndio unyafuzi, unaojulikana pia kama kwashiakoo. Tafiti zilizofuata zimeonyesha kwamba upungufu wa protini peke yake hauelezi kila kitu, kwani maambukizi na hali ya utumbo navyo vina nafasi yake. Mtoto si kimwani, na mlinganisho si uthibitisho. Hata hivyo, funzo moja husimama imara katika visa vyote viwili: tumbo lililoshiba wanga si mwili uliolishwa.

Mfano wa pili ni hamira, ambayo ni kuvu wa jamii ya seli moja. Ndani ya seli ya hamira mna kitambuzi kinachopima hali ya chakula. Naitrojeni ikiwapo, kitambuzi hutoa amri ya kujenga, na ikikosekana, amri hubadilika. Seli huanza kuzifunga protini zake kuukuu na vipande vyake vilivyochakaa ndani ya vifuko, ikavimeng'enya na kutumia upya tofali zilizomo. Ni kwa kuinyima hamira naitrojeni kwamba mtaalamu wa Japani, Yoshinori Ohsumi, aliuona mchakato huo kwa hadubini na kuzitambua jeni zinazouendesha. Mwaka 2016 alitunukiwa Tuzo ya Nobel ya Fiziolojia au Tiba, kwa kuwa mchakato huo huo umo katika mwili wa binadamu na unahusika na saratani, maambukizi na uzee.

Mfano wa tatu uko karibu zaidi na Kahama. Maji ya bomba yanayofika huko huvutwa kutoka Ziwa Viktoria, katika chanzo cha Ihelele, Wilaya ya Misungwi. Tangu miaka ya 1960 ziwa hilo limepokea fosforasi nyingi kutoka mashambani, mijini na hewani, na naitrojeni haikuongezeka kwa uwiano huo. Mwani wa asili uliokuwa umetawala ulipungua, na nafasi yake ikashikwa na mwani wa buluu-kijani, ambao kwa hakika ni bakteria. Baadhi yao wana seli maalumu zenye kuta nene zinazoweza kufungua ile kufuli ya ghala na kuichukua naitrojeni hewani. Wenzao walipolia njaa, wao walistawi, na katika jamii yao wapo watoao sumu inayodhuru ini. Kwa hiyo maji ya ziwa hutibiwa kabla ya kunywewa. Njaa ya naitrojeni haikuliacha ziwa tupu. Ilibadili wenyeji wake, na wageni walioingia hawakuwa wema kuliko waliotoka.

Vimwani, hamira na bakteria wa ziwa wanasema jambo moja. Kiumbe akikosa naitrojeni hapungui tu, bali hugeuka kiumbe mwingine: hubadili rangi, hubadili chakula anachokiweka akiba, na hubadili kemikali anazozitoa. Pale ambapo kemikali hizo ni sumu, njaa ya kiumbe mdogo huwa hatari kwa mkubwa.

Kuvu wa mahindi na kazi yake ya siri

Kuvu aitwaye Fusarium verticillioides huishi ndani ya mahindi karibu kila mahali mahindi yanapolimwa. Huingia kwa njia ya mbegu, shina, nywele za gunzi na matundu ya wadudu. Mara nyingi hukaa ndani ya mmea bila dalili yoyote, na punje yenye kuvu huyu inaweza kuonekana nzuri kabisa. Sumu yake inaitwa fumonisini. Ilitambuliwa mwaka 1988 nchini Afrika Kusini, baada ya watafiti kujiuliza kwa miaka mingi kwa nini saratani ya umio ilikuwa nyingi katika eneo la Transkei, ambako chakula kikuu kilikuwa mahindi. Shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, IARC, limeiweka fumonisini B1 katika kundi la vitu vinavyoweza kusababisha saratani kwa binadamu.

Mwaka 1999 watafiti wa Chuo Kikuu cha Purdue, Marekani, walionyesha jinsi naitrojeni inavyoitawala sumu hiyo. Kuvu alipopewa naitrojeni ya kutosha katika umbo la amonia, utengenezaji wa fumonisini ulizimwa. Naitrojeni ilipopungua, uliwashwa. Tafiti nyingine zimeonyesha kwamba wanga mwingi na hali ya uchachu huuchochea utengenezaji huo. Punje ya mahindi inayokomaa ina sifa hizo: imejaa wanga, na naitrojeni iliyo rahisi kutumiwa ni haba. Kuvu aliyejificha kimya kwenye shina hufika ndani ya punje akakuta nguvu tele na tofali chache, na hapo ndipo hugeuka mtengeneza sumu.

Maabara na shamba si kitu kimoja, na haki ni kukiri hivyo. Shambani, mbolea huingia kwenye mmea kabla haijamfikia kuvu, na mvua, joto, wadudu na aina ya mbegu vyote vina sauti. Katika baadhi ya majaribio ya mashambani, mahindi yaliyonyimwa naitrojeni na yale yaliyomwagiwa kupita kiasi yote yalipata fumonisini nyingi kuliko yaliyolishwa kwa kiasi. Kwa ile sumu nyingine maarufu zaidi, aflatoksini, itolewayo na kuvu wa jamii ya Aspergillus, picha iko wazi zaidi. Mahindi yaliyobanwa na ukame pamoja na upungufu wa naitrojeni hushambuliwa kwa urahisi na huchafuka zaidi. Mmea wenye njaa ni nyumba isiyo na mlango.

Kutoka punje hadi mtoto

Watanzania na Wakenya wameiona aflatoksini ikiua hadharani. Mwaka 2004, mashariki mwa Kenya, watu 317 waliugua na 125 wakafariki baada ya kula mahindi yaliyochafuka. Mwaka 2016, katika mikoa ya Dodoma na Manyara, watu 68 waliugua na 20 wakapoteza maisha. Misiba hiyo ilitangazwa, viongozi walizuru vijiji, na neno sumukuvu likaingia katika lugha ya wananchi.

Fumonisini haina kelele hizo. Haileti umanjano wa macho wa ghafla wala haijazi wodi kwa wiki moja. Hufanya kazi yake polepole ndani ya seli, ikivuruga utengenezaji wa mafuta maalumu ambayo tando za seli huyahitaji, ukiwamo utando wa utumbo ambao ndio mlango wa virutubishi. Kundi la watafiti lilifuatilia watoto 166 wa vijiji vya Tabora, Iringa na Kilimanjaro, walioanza wakiwa na umri wa miezi 6 hadi 14, na matokeo yakachapishwa mwaka 2015. Fumonisini ilipatikana katika mkojo wa sehemu kubwa ya watoto hao, na waliokuwa na kiwango kikubwa zaidi walikuwa wafupi zaidi kwa umri wao. Uhusiano si lazima uwe sababu, na mtoto maskini ana mambo mengi yanayomvuta chini kwa wakati mmoja. Lakini Tabora ni jirani wa Ushetu, mpaka kwa mpaka, kwa mazao yale yale na ugali ule ule.

Utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2022 uligundua kwamba asilimia 30 ya watoto wa Tanzania walio chini ya miaka mitano wamedumaa. Idadi hiyo ni kubwa mno kuelezwa kwa kisa kimoja. Wapo wanaodumaa kwa kuhara mara kwa mara, kwa malaria, kwa minyoo, kwa kuachishwa ziwa mapema, kwa mlo usio na protini. Sumukuvu haiji kuviondoa visa hivyo, huja kukaa juu yake. Na mtoto ambaye mlo wake wote ni uji na ugali wa mahindi hupata hasara mara mbili, kwani hukosa protini ambayo mahindi hayana kwa kutosha, na hupata sumu nyingi zaidi kwa sababu hana chakula kingine cha kuipunguza.

Kwa nini Ushetu

Halmashauri ya Ushetu, iliyozaliwa kutokana na Wilaya ya Kahama, hailii njaa ya tumbo tupu kila mwaka. Ni nchi ya kulima. Mahindi, mpunga, muhogo, viazi vitamu, karanga, pamba na tumbaku vyote huonekana huko. Watu wa Kahama mjini na wachimbaji wa ukanda wa dhahabu hadi Geita hula nafaka inayotoka vijijini. Swali la ubora wa punje ya Ushetu, kwa hiyo, si la Ushetu peke yake.

Lakini sehemu kubwa ya udongo huo ni wa kichanga, ule ambao Wasukuma huuita luseni, na naitrojeni haikai katika udongo wa kichanga. Mvua kubwa huisukuma chini kuliko mizizi inavyoweza kuifuata. Mahali pengi mbolea hufika kwa njia ya zao la tumbaku, kwa mkopo wa chama cha msingi, na kwa kuwa deni lazima lilipwe kwa tumbaku, tumbaku ndiyo hula kwanza. Mahindi hupata masalia au hupata dua. Tangu msimu wa 2022/23 serikali imetoa mbolea ya ruzuku, na hatua hiyo imepunguza mzigo, lakini mkulima mwenye fedha kidogo bado hulazimika kuchagua kati ya shamba la kuuza na shamba la kula.

Uchaguzi huo huhesabiwa kama uamuzi wa kiuchumi. Rai inayosimama hapa ni kwamba ni uamuzi wa afya pia, na kwamba sekta ya afya imekaa kimya kwa muda mrefu mno juu yake. Ujumbe ambao wananchi wamezoea kuusikia kuhusu sumukuvu ni wa baada ya mavuno: kausha vizuri, usianike chini, hifadhi mahali pakavu. Ujumbe huo ni sahihi na unaokoa maisha, hasa dhidi ya aflatoksini. Kwa fumonisini, hata hivyo, sehemu kubwa ya madhara imekwisha kutendeka mahindi yakiwa bado yamesimama. Anayeanza kufundisha kwenye turubai la kuanikia amechelewa kwa miezi kadhaa.

Pingamizi zinazostahili jibu

Wapo watakaosema kwamba muuguzi si bwana shamba, na kwamba zahanati yenye watumishi wachache na foleni ndefu haiwezi kuongezewa somo la udongo. Hoja hiyo ina uzito. Lakini hakuna anayemtaka muuguzi aandike kipimo cha mbolea. Anachotakiwa ni kuuliza maswali matatu anapokutana na mtoto aliyedumaa: mtoto anakula nini zaidi ya mahindi, mahindi hayo yalikuwaje shambani na yalikaushwa wapi, na zile punje mbovu zilizoondolewa huenda wapi. Majibu yanaweza kupokewa kwa dakika mbili. Yakionyesha hatari, jina la kaya humfikia mhudumu wa afya ngazi ya jamii, naye humfikishia afisa ugani.

Wapo pia watakaohofu kwamba maswali hayo yatageuka mashtaka dhidi ya mama. Hofu hiyo nayo ni ya kweli, kwani mama ndiye huja kliniki na ndiye hubeba lawama za kila kitu. Mara nyingi si yeye aliyeamua mbolea iende kwenye tumbaku. Kwa hiyo mazungumzo haya hayafai kufanyiwa kwenye benchi la kliniki peke yake. Siku ya Afya na Lishe ya Kijiji, ambapo watoto hupimwa hadharani na wazazi wote wawili wanaweza kuitwa, ni mahali pafaapo zaidi. Baba anayesikia mbele ya wenzake kwamba mahindi ya manjano shambani yana uhusiano na urefu wa mwanawe huenda akaigawa mifuko ya mbolea kwa namna nyingine.

Pingamizi la tatu ni la umaskini: mbolea ni ghali, na kumwambia asiye nayo aitumie ni kumdhihaki. Jibu lake limo katika udongo wenyewe. Karanga, kunde, choroko, maharage na njugu mawe zina bakteria katika vinundu vya mizizi yao wanaofungua ile kufuli ya hewani, kama wafanyavyo wale wa ziwani, ila hawa ni wageni wema. Shamba linalobadilishana mahindi na kunde hulishwa naitrojeni bila risiti, na mavuno yake huleta mezani protini ile ile ambayo uji wa mtoto umeikosa. Kunde moja hutibu njaa ya udongo na njaa ya sahani kwa pamoja. Samadi nayo, katika nchi yenye ng'ombe wengi kama Usukuma, haipaswi kuachwa ikauke zizini ilhali shamba la jirani linageuka manjano.

Yanayowezekana kuanzia msimu huu

Karanga, hata hivyo, zinadai tahadhari, kwa kuwa zenyewe hushambuliwa sana na kuvu wa aflatoksini. Unga wa lishe unaochanganya mahindi na karanga, unaosifiwa katika kliniki nyingi, unaweza kuwa dawa au sumu kwa kutegemea punje zilizotiwa. Kanuni ni moja: chambua kwanza, changanya baadaye. Punje zilizovunjika, zilizosinyaa, zilizotobolewa na wadudu au zilizobadilika rangi ndizo hubeba sehemu kubwa ya sumu. Mahindi yakitiwa katika maji, punje nyingi mbovu huelea, zikaondolewa, na zilizozama zikaanikwa upya hadi zikauke kabisa. Katika Wilaya ya Rombo, mkoani Kilimanjaro, kaya zilizofundishwa kuchambua, kukausha juu ya kitu na kukoboa zilipunguza sumu katika mahindi ya watoto wao. Hakuna mashine iliyohitajika.

Kukoboa hupunguza fumonisini kwa sababu sumu hiyo hukusanyika zaidi katika ganda na kiini, lakini hapo hapo huondoa sehemu ya vitamini na madini. Mshauri wa lishe asiwaambie watu waiache dona kwa woga. Awaambie kwamba dona inadai mahindi safi zaidi kuliko sembe, na kwamba mwenye mahindi ya mashaka ni heri ayakoboe na kumwongezea mtoto dagaa, kunde na mboga za majani. Kupika peke yake hakutoshi, kwa kuwa sumu hizi hustahimili joto la sufuria. Punje mbovu zisiende kwenye pombe ya kienyeji wala kwa kuku, kwani sumu hurudi kwa mlango wa nyuma. Na mahindi yakishakauka, mifuko isiyopitisha hewa huzuia wadudu wanaomfungulia kuvu njia.

Viwango vipo. Nchi za Afrika Mashariki zimekubaliana kwamba mahindi ya kuliwa yasizidi mikrogramu 10 za aflatoksini zote kwa kilo moja, na miligramu 2 za fumonisini. Lakini viwango hivyo humlinda anayenunua kiwandani. Mtoto anayekula mahindi ya kihenge cha nyumbani kwao hana mkaguzi mwingine zaidi ya mikono ya mama yake na udongo wa baba yake. Ndiyo maana kamati ya lishe ya halmashauri, ambamo mganga mkuu na afisa kilimo huketi meza moja, inafaa kuuliza swali jipya katika kila kikao: ni kata zipi ambazo mahindi yalikuwa manjano msimu uliopita, na watoto wa kata hizo wana urefu gani? Takwimu za swali la kwanza ziko kwa maafisa ugani, na za swali la pili ziko zahanati. Kuziweka katika ukurasa mmoja hakuhitaji mfadhili.

Kuvu hana nia mbaya. Amebanwa, naye hufanya alichojaliwa kufanya anapobanwa, kama kimwani anavyonenepa na hamira inavyojila. Miiko imewekewa binadamu, ambaye huiona njaa ikiingia shambani tangu jani la kwanza linapogeuka rangi, na ana miezi mitatu ya kuchukua hatua kabla haijafika sahanini. Mvua za Novemba zitakaporudi Ushetu, mahindi yataota tena kando ya njia ziendazo zahanati. Muuguzi atayapita kila asubuhi akienda kazini. Ikiwa majani yatakuwa manjano, hiyo itakuwa taarifa ya kwanza ya mgonjwa wake wa mwakani, na kuisoma mapema ni sehemu ya kazi yake.